Kipago cha Saba

Mize wangu ana miaka mitano na robo,
robo hiyo ameidai mwenyewe,
na kila akihesabu huiruka saba
kama anayeruka dimbwi kwa viatu vipya.
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
nane.
Nikamrudisha. Akarudi.
Nane.

Msimu umeingia, Mtambwe nzima inanukia,
hata maji ya mtungi yana ladha ya karafuu.
Usiku tunachambua barazani, mimi, wifi yangu Raya,
na mama mkwe, Bi Tatu, ambaye Mize huamini
ni ndugu wa Mbili na Nne.
Makonyo huku, karafuu kule.
Namwekea mafungu: hili kubwa, hili dogo,
huku nikiongeza moja, bado moja, sasa je?
Hatazami chanda changu. Anatazama fungu,
macho yanapima kabla ya mdomo.
"Dogo limeshiba," anasema. Limeshiba kweli.
Sijui hiyo ni hesabu au ni njaa,
lakini ni jibu.

Kule maandalizi Mwalimu Zuwena kaandika daftarini
kwa wino mwekundu: Arudie 7.
Tukairudia. Tukaichora mchangani,
tukaikunja kwa ukuti,
nikamwambia tazama, ni ngoe ya baba yako
ya kuvutia matawi.
Akacheka. Akaijua kwa sura,
akaikataa kwa mdomo.

Siku ya gunia ilikuwa nyengine.
Limeegemea ukuta, lina alama ya baba yake
kwa rangi nyeusi: M.
Akaipitishia kidole, mlima, bonde, mlima.
"Hii yangu."
Ya baba yako, nikasema, ya Makame.
"Yangu."
Basi jioni ile akazunguka nyumba anadai:
mchi wake, mlango wake, mkeka wake, mbuzi wake,
na moshi pia wake, akaukimbilia
mpaka ukamliza.
Alipofika kwenye kinu akasita.
Akalionja neno ulimini, k, k,
akakiacha pale.
"Hicho cha Kombo," akasema, akampa nduguye
kinu kizima.
Hilo hakuna aliyemfundisha.

Halafu alfajiri moja natoka na ndoo,
nawakuta nyuma, kwenye mkarafuu mkubwa.
Hakujapambazuka. Makame anapanda ngazi,
mguu unatafuta pa kukanyaga,
na anahesabu kwa sauti, kama kila siku,
asije akavunjika shingo:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
goti juu, pumzi,
nane.
Kipago cha saba kilivunjika msimu wa mwaka juzi.
Na chini, kaikamata ngazi kwa mikono miwili
kana kwamba yeye ndiye anayeishikilia,
Mize, midomo inakwenda pamoja na baba,
inanyamaza anaponyamaza.

Nikasimama na ndoo yangu.
Wiki tatu namwambia mtoto kakosea
na mtoto akihesabu vilivyopo.

Sikusema kitu. Adhuhuri nikamletea Makame
kipande cha mti na nyundo.
"Nipe msumari," akasema.
"Miwili," akasema Mize. "Huku na huku."

Sasa saba ipo. Nyeupe, ina gamba bado.
Nimemshika kiuno, amepanda mpaka pale,
akaikanyaga, akaikanyaga tena.
"Ilikuwa wapi?"
Bi Tatu akasema ilikwenda Wete kununua samaki.
Mimi sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Jana tumepima pishi, yeye karani,
kipande cha mkaa mkononi, ukuta ndio daftari.
Nne. Tano. Sita.
Sote tukanyamaza, hata Raya mwenye maneno.
Mize akainua mguu kidogo, pale pale aliposimama,
akautua polepole.
"Saba," akasema,
akangoja kwanza aone kama itamchukua.